Upande wa Ndani

Setrak alikuja na makreti arobaini ya aprikoti,
gari limechuchumaa nyuma kwa uzito.
"Upepo tu, Knarik. Jaza upepo niende."
Nikapiga magoti penye gurudumu la mbele, kushoto.
Ubavuni mwa tairi palikuwa na nundu,
ukubwa wa aprikoti moja, ile ya kwanza kuiva.
Nikaibonyeza kwa dole gumba. Ikanisukuma.

Nikamwambia: nyuzi za ndani zimekatika.
Ulipiga shimo mahali, wewe ukasahau,
tairi halikusahau.
Sasa kinachokubeba, wewe na aprikoti zako,
ni ngozi ya mpira yenye unene wa ukucha.
Ufa wa ukuta ninao udongo wa kuuziba.
Huu sina kiraka chake, wala hakuna aliye nacho.

Akacheka. "Kilomita sitini tu."
Sitini za kupanda Selim na kuushuka,
kona juu ya kona, lami ya Julai ikinata viatuni.
"Basi ligeuze. Nundu itazame ndani,
askari wa barabarani wasiione."
Nikafuta mikono. Nikasema siligeuzi.
Akaenda kwa Lyova, chini ya daraja.
Lyova ana watoto wanne na hana maswali.

Ningependa kusema lilipasuka siku hiyo.
Sisi mafundi wa tairi tunazipenda hadithi hizo,
zinatusaidia kuuza.
Halikupasuka.
Jumatatu Setrak alirudi akipiga honi,
akaniachia mfuko wa aprikoti zilizobondeka:
"Umeona? Ulinitisha bure."
Nilizila. Zilikuwa tamu,
maji yake yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Septemba akaliuza gari.
Rangi mpya, zulia jipya, matairi yamepakwa mafuta
yanang'aa kama viatu vya bwana harusi.
Alilinunua Arpine, mwalimu wa sataranji,
anayevuka mlima kila Ijumaa
kwa ajili ya watoto kumi na mmoja na jiko moja la kuni.
Alilinunua kwa mkopo. Alilikagua kama mnunuzi yeyote:
akalizunguka, akapiga tairi teke,
akaona upande wa nje.

Kila Ijumaa, saa moja asubuhi, alipita hapa
akipunga mkono,
nami nikapunga.

Niseme kweli. Gari nililijua.
Gurudumu la mbele, kushoto, nililijua.
Ijumaa ya kwanza nilikuwa na mteja.
Ya pili, mvua.
Ya tatu nikajiambia Setrak lazima alilibadilisha,
Setrak si mnyama.
Ya nne nilikuwa na spana mkononi.
Nikapunga kwa spana.

Ya saba ilikuwa Novemba.
Mchungaji Hrant anasema alisikia mlio mmoja, kama wa bunduki,
halafu kimya,
halafu mawe yakiporomoka kwa muda mrefu.
Alimkuta hai, bado ameukunja usukani kulia,
kulia, na gari lilikuwa limetaka kushoto tu.
Mguu mmoja madaktari hawakuuokoa.
Kete za sataranji watu walizikusanya bondeni hadi giza.
Farasi mmoja mweusi hakuonekana.

Lyova yuko bado chini ya daraja.
Setrak siku hizi hupitia barabara ya ziwani.
Arpine amerudi kufundisha. Hupita hapa kwa basi,
nami namwona dirishani,
hapungi, mikono yote miwili iko kwenye magongo.

Nimenunua tochi, na kioo kidogo chenye mpini
kama cha daktari wa meno.
Hata ukisimama kuulizia njia nitalala chini ya gari lako,
theluji ikiniingia shingoni.
Watu wananung'unika: Knarik, nilitaka upepo tu.

Najua.
Vua koti, chai iko kwenye birika.
Acha kwanza nitazame huku.